Shangazi Kakatazwa Kunong'ona

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi karudi kutoka hospitali na hasemi. Kapita sebuleni, kaweka mkoba, kaketi, katoa simu na kuandika kitu. Kisha akanigeuzia skrini nisome.

"Vinundu kwenye nyuzi za sauti. Nisiseme kabisa kwa wiki sita. Kunong'ona ndiyo marufuku kuliko yote."

Nikamuuliza si bora mtu anong'one kuliko kusema? Kaandika tena, na nukta zake na mikato yake yote, kama kawaida yake: "Nami nilimuuliza daktari hivyo. Alisema kunong'ona kunakwaruza. Alinitazama kana kwamba nakula sabuni."

Angeambiwa hivyo mtu mwingine, angecheka yakaisha. Lakini Shangazi ni mkutubi. Kutwa nzima yuko maktaba ananong'ona. Jioni anakwenda kwenye kikundi cha maigizo, na huko ndiye mnong'onezi: anakaa kwenye kona nyuma ya pazia na kitabu cha mchezo mapajani, mwigizaji akisahau, yeye anamrushia mstari. Kazi mbili, zote za kunong'ona. Ni kama kumwambia mwogeleaji aendelee na kazi ila asilowe.

Kalala mapema. Nimesikia redio yake chumbani — hata redio kaipunguza sauti.

Jumanne, 4 Machi

Mwongozaji wa kikundi kaja kutoa pole. Skafu shingoni, matunda mkononi. Kazunguka mbuyu weee, mwisho akatua. Onyesho ni Jumamosi ya tarehe 29. Waigizaji wake hawajawahi kukariri kitu kwa sababu hawakuwa na haja, Shangazi yupo. Mbaya zaidi ni Daktari wa Meno, anayecheza Mfalme. "Huyo," kasema Mwongozaji, "hata jina lake jukwaani anangoja aambiwe."

Kwa hiyo atatafuta mtu mwingine wa kukaa kwenye ile kona. Na Shangazi "atatusaidia mlangoni, kuchana tiketi." Kalisema kwa upole sana, kama anayemvua mtoto kiatu akiwa usingizini.

Shangazi akaandika kitu kwenye simu, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Kisha akaenda jikoni, na sufuria zikasema kwa niaba yake.

Nami mdomo huu wangu! Nikajisikia nikisema, "Mpeni Shangazi nafasi. Nitatengeneza kitu."

"Kitu gani, binti?"

Sikujua. Nikasema kitu cha simu. Mwongozaji kafikiri, kasema sawa, tutaona kwenye mazoezi ya mavazi tarehe 22. Kikishindikana, mlangoni.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata jawabu nikipiga mswaki.

Mchezo wote ukae ndani ya simu ya Shangazi. Akigusa mstari, mstari uende kwenye simu iliyo mfukoni mwa mwigizaji, na sauti ya mashine iusome kwenye kidude cha sikioni. Hakuna anayenong'ona. Ukumbi hauna mtandao, kuta zake nene kama za gereza, kwa hiyo simu ya Shangazi yenyewe ndiyo itakuwa seva: itoe wai-fai, simu za waigizaji ziingie, zikae zimeunganishwa zikisikiliza.

Kazini natengeneza programu ya kuagiza magodoro. Mteja mmoja, godoro moja, hakuna anayekufa. Hii itakuwa vivyo hivyo. Siku mbili zinatosha.

Nimemweleza Shangazi. Kaandika: "Mashine itajua Daktari anasahau wapi?"

Nikasema hapana, wewe ndiye utakayejua. Yeye ataendelea kuwa mnong'onezi, ila kwa kidole. Hapo ndipo alipokunywa chai yake.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi. Aibu.

Waigizaji ni watatu tu. Daktari wa Meno ni Mfalme. Mwalimu wa hesabu ni Malkia wa nchi jirani. Fundi Friji ni Mjumbe. Mfalme ni mjane, anataka kumposa Malkia. Mjumbe anapeleka maneno huku na huku na anayavuruga. Vichekesho vyenyewe ndivyo hivyo.

Daktari kawa wa kwanza kujiunga. Shangazi kagusa mstari, mashine ikamsomea, Daktari akausema. Safi kabisa! Nikaanza kutabasamu. Shangazi akagusa mstari wa Malkia. Kimya. Mstari wa Mjumbe. Kimya. Mwalimu kasimama mikono wazi kama anayepimwa gauni. Fundi Friji anagonga sikio lake, anagonga simu, anagonga tena sikio. Shangazi akadhani hakugusa vizuri, akaendelea kugusa. Na Daktari, maskini, akaendelea kuzungumza peke yake na watu wasiomjibu, kwa adabu zote.

Kisha akaomba ruhusa aende msalani, akazima simu.

Alipoizima tu, mistari yote ya Malkia iliyokuwa imesubiri ikamiminika kwa mkupuo kwenye sikio la Mwalimu. Na Mwalimu ni mtu wa kutii maagizo. Akaisema yote, bila kupumua: akaikubali posa, akaikataa, akalia, akaagiza farasi, akaikubali tena. Mfalme bado yuko chooni.

Fundi Friji hakupata hata neno moja siku nzima. Kaniambia, "Dada, labda gesi imeisha."

Jumatatu, 10 Machi

Kazini nimemweleza Swali. Swali ni jirani yangu wa dawati; tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kujibu lolote. Anauliza tu, huku anatafuna karanga.

"Kwani," kasema, "ofisi ikiwa na dirisha moja, na mtu wa kwanza akaanza kumsimulia karani habari za ndoa yake, wa pili anafanya nini?"

"Anangoja."

"Na wa tatu?"

Nikarudi kwenye kiti changu nimejiona mjinga. Ndivyo nilivyoiandika. Seva yangu inafungua mlango, inampokea mgeni wa kwanza, inaketi naye, na hairudi mlangoni mpaka aage. Na Daktari si mtu wa kuaga.

Inatakiwa mmoja asimame mlangoni, kazi yake kukaribisha tu. Kila anayeingia apewe mhudumu wake mwenyewe, waende pembeni, mlango ubaki na mtu. Sisi wa kompyuta mhudumu huyo tunamwita uzi. Wageni watatu, nyuzi tatu.

Jioni nimemwambia Shangazi kwamba shida ilikuwa nyuzi.

Kaandika: "Nyumba hii kila mtu ana shida ya nyuzi."

Mzaha wake wa kwanza tangu hospitali. Nimeuhifadhi.

Alhamisi, 13 Machi

Wote watatu wameunganishwa kwa pamoja. Wote watatu! Nimeruka nyuma ya pazia mpaka Mwongozaji kaniambia nikae.

Ila.

Nilikuwa nimepanga majina kwa jinsi walivyoingia. Wa kwanza Mfalme, wa pili Malkia, wa tatu Mjumbe. Nilijisemea, si ndivyo walivyoingia Jumamosi? Leo Fundi Friji kamaliza kazi mapema, kafika wa kwanza. Daktari kachelewa, jino la mtu lilikataa kutoka.

Na hawa watu, Mungu awabariki, wamezoea kusema chochote kinachoingia sikioni bila kukihoji. Miaka na miaka Shangazi hajawahi kuwakosea, kwa nini wahoji?

Fundi Friji kapiga magoti mbele ya kiti cha enzi, kainua uso kwa unyenyekevu, kanguruma: "Mfungeni mtu huyu, na farasi wake mfungeni!"

Daktari, juu ya kiti, fimbo mkononi, taji kichwani, akasikiliza sikio lake, akasema kwa sauti inayotetemeka, "Nisamehe, mtukufu. Nimetembea siku nyingi na viatu vyangu vimekwisha."

Mwalimu katikati, ambaye kwa bahati alikuwa na mistari yake mwenyewe, akamwambia Fundi Friji: "Mfalme, una macho ya upole."

Fundi Friji kaona haya kweli.

Mwongozaji kajifunika uso wote kwa skafu. Shangazi je? Nimegeuka nikaona mabega yanaruka, machozi yanamtiririka, mdomo wazi, na hakuna sauti hata chembe. Ananifinya mkono. Baadaye kaniandikia: "Mpigie daktari wangu. Uliza kama kucheka kimya kimya kunaruhusiwa."

Nimepiga. Kasema swali hilo hajawahi kuulizwa.

Jumapili, 16 Machi

Nimerekebisha. Sasa simu ikiingia lazima ijitambulishe kwanza. Programu inauliza, "Wewe ni nani?" na mtu anachagua: Mfalme, Malkia au Mjumbe. Seva inashika jina, haijali nani kafika wa ngapi.

Daktari wa Meno kaja nyumbani nimwekee programu mpya. Kavaa shati la pasi, Jumapili, kwa ajili ya programu. Shangazi kaleta chai. Mazungumzo yao ni ya ajabu: yeye anasema, Shangazi anaandika, yeye anavaa miwani, anasoma, anavua miwani, anajibu. Kikombe kimoja cha chai kimewachukua mchana mzima.

Kailalamikia mashine yangu. "Binti, usinielewe vibaya, kazi nzuri. Lakini hiyo sauti haina pumzi. Na inasema n-gombe. Mfalme gani ana n-gombe?"

Nikasema nitajaribu kuirekebisha.

"Bi Mkutubi," akasema, anamtazama Shangazi, "yeye huvuta pumzi kidogo kwanza. Basi najua msaada unakuja."

Shangazi akainuka kuchukua sukari. Sukari ilikuwa mezani.

Nimemsindikiza Daktari mpaka mlangoni. Nikamuuliza tu, kama utani, "Kwani Daktari, mistari yenyewe si mingi. Kwa nini usikariri?"

Kavaa kiatu kimoja. Kavaa cha pili. Kasema, "Nikikariri, yeye ataninong'oneza nini?"

Akaenda zake. Nimebaki nimeshika kitasa kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa jirani. Sijamwambia Shangazi. Seva inapeleka maneno, haitungi.

Jumanne, 18 Machi

Leo wafalme wawili.

Nyuma ya jukwaa kuna mlango wa chuma. Daktari anapita hapo kati ya onyesho na onyesho, na akipita, simu yake inakatika. Inajiunga tena yenyewe, vizuri, inasema "mimi ni Mfalme." Lakini seva haijaambiwa kwamba yule Mfalme wa mwanzo kaondoka. Inao wawili kwenye orodha, mmoja hai, mmoja mzuka. Na mistari yote inaipeleka kwa mzuka.

Daktari kasimama jukwaani anasema "Mm." Kisha "Mm, ndiyo." Kisha kamkagua Mwalimu meno.

Mwongozaji kauliza tarehe 22 ni lini. Tarehe 22 ni Jumamosi, nikamjibu. Kasema anajua.

Nimefanya haraka, si kwa usafi: kuanzia leo mstari wa Mfalme unakwenda kwa kila anayejiita Mfalme, awe hai awe mfu. Mzuka usikie, na aliye hai asikie. Swali akiuona msimbo huu atanikata jicho. Lakini unafanya kazi.

Jumamosi, 22 Machi

Siku yenyewe. Mavazi, taa, kila kitu. 

Sehemu ya kwanza: sawasawa. Shangazi kwenye kona yake, miwani puani, kidole kinapita juu ya simu kama mtu anayechambua mchele. Anajua kabla ya wao kujua. Nimemwona anagusa mstari wa Daktari kabla Daktari hajaanza hata kusita. Mwongozaji kalegeza skafu.

Sehemu ya pili, Mama kapiga simu.

Mama yangu ni wifi yake Shangazi, na hajakubali kwamba Shangazi hasemi, anadhani amenuna. Kwa hiyo anapiga. Simu ikalia ukumbi mzima, programu yangu ikasukumwa nyuma, seva ikalala, na ufalme wote ukaanguka mara moja. Wote watatu wakagusa masikio kwa pamoja. Shangazi hawezi kupokea maana atasema nini? Kakata. Mama kapiga tena. Kakata. Mama, sasa ana uhakika kuna ugomvi, kapiga mara ya tatu.

Wifi kaua wai-fai. Nitakufa na kicheko changu hiki peke yangu, maana hakuna aliyecheka.

Mwongozaji kapanda jukwaani. Kasema anashukuru sana, kila mtu kajitahidi, lakini onyesho ni wiki ijayo na yeye ana moyo mmoja tu. Atakaa mwenyewe kwenye kona. Na Bi Mkutubi, kama walivyozungumza, mlangoni.

Shangazi kaanza kufunga miwani yake kwenye kasha. Polepole. Hapo nilijichukia.

Daktari wa Meno kavua taji. "Basi nami nitakuwa mlangoni," kasema. "Tiketi zina pande mbili, mmoja ashike, mmoja achane."

"Wewe ndiye Mfalme," Mwongozaji kamwambia.

"Mpe Fundi. Si amewahi kuufanya ufalme?"

Fundi Friji kasema yeye hapana, kile kiti kinamtisha, na kama ni hivyo atauza maji nje.  Mwalimu kaketi juu ya kiti cha enzi, katoa daftari za wanafunzi, kaanza kusahihisha.

Mwongozaji kawatazama mmoja mmoja. Kasema tujaribu Alhamisi. Kisha kaniambia mimi, karibu sana na sikio: "Hiyo simu isiwe na mama."

Jumatatu, 24 Machi

Swali kauliza, "Kwani seva ina laini ya simu ya nini?"

Nimeitoa laini. Nimeizuia simu isilale, isipunguze mwanga, isipokee chochote. Sasa haina ndugu. Swali kanipa pia kisanduku cha wai-fai cha zamani kutoka stoo, ili simu ya Shangazi ibaki na kazi moja ya useva. Hakina neno la siri, kitufe chake kimekufa. Nikasema haidhuru, nani ataingia?

Swali kauliza, "Nani ataingia?"

Sijui kwa nini huwa naongea naye.

Mwongozaji kaomba kitu kimoja: njia ya kuwaambia waigizaji wote kwa mpigo "pazia" au "tayari". Nimeongeza dirisha la kuandika chochote, na kitufe cha kuchagua watu wote. Kinaitwa Wote.

Alhamisi, 27 Machi

Kila kitu kimekwenda vizuri. Hakuna la kuandika. Fundi Friji kaomba nimtumie programu tena, "niwe na ya akiba, dada." Nimemtumia.

Jumamosi, 29 Machi

Mapumziko. Naandika nimekaa kwenye ndoo nyuma ya pazia, Shangazi yuko hapa mbele yangu. Niandike upesi.

Ukumbi umejaa tangu saa tisa kasoro. Kwenye simu ya Shangazi nimeweka kibao kidogo pembeni kinachoonyesha simu ngapi zimeunganishwa. Kilisema tatu. Vizuri. Pazia likafunguka. Kikasema saba.

Nikadhani mizuka. Kikasema kumi na tisa.

Nimechungulia. Safu ya tatu, ya nne, ya tano — watu na simu mikononi. Nikamvuta Fundi Friji alipokuwa anasubiri zamu yake, nikamuuliza ile programu ya akiba kampa nani.

"Wa nyumbani tu," kasema. "Na wateja wachache wa friji. Ili waufuate mchezo vizuri, dada. Mama mkwe hasikii."

"Na wao wamempa nani?"

Hilo hakulijua. Akaitwa jukwaani.

Na programu ikifunguka inauliza "Wewe ni nani?" — na nani duniani, akipewa nafasi ya kuchagua, atajiita Mjumbe? Wafalme watupu! Ukumbi mzima wafalme, na Malkia wawili watatu. Nami ndiye niliyeagiza mstari wa Mfalme uende kwa kila mfalme, hai na mfu.

Hawana vidude vya sikioni. Shangazi akagusa mstari, na viti vyote vikasema kwa sauti ya mashine: "Leteni n-gombe wangu mia." Kisha Daktari, jukwaani, akasema, "Leteni ng'ombe wangu mia."

 Kicheko kikashuka kutoka nyuma mpaka mbele.

Wamedhani ndivyo mchezo ulivyo. Mstari wa pili, hivyo hivyo. Kufikia wa kumi watu wanausema pamoja na Daktari, safu nzima, na n-gombe wao. Mtoto mmoja kasimama juu ya kiti kaamuru Fundi Friji afungwe. Fundi Friji kanyoosha mikono yake mwenyewe. Mwongozaji karibu yangu haelewi acheke au alie, anakunja skafu, anakunjua.

Na seva haijayumba! Mtu anaingia, anapokewa. Anatoka, anaachwa aende. Simu imepata moto kama pasi, Shangazi kaizungushia leso na anaendelea kugusa.

Kisha mwisho wa sehemu ya kwanza. Posa. Mfalme anapaswa kumshika Malkia mkono na kusema ule mstari. Shangazi kagusa. Ukumbi wote, kwa sauti moja ya mashine: "Ufalme wangu una kila kitu, isipokuwa wewe."

Daktari hakuusema.

Watu wakamrudia wenyewe, kwa midomo yao, kumsaidia. "Ufalme wangu una kila kitu —"

Kainua mkono, wakanyamaza. Katoa kidude sikioni, kakitia kwenye mfuko wa joho. Kamwachia Mwalimu mkono wake, kwa heshima, kama anayerudisha kitu cha kuazima. Kageukia kona yetu. Kona hii, pazia hili.

"Bi Mkutubi," kasema. "Mstari huu naujua. Naujua kuliko yote. Ila siwezi kuendelea kumwambia Mwalimu wa watu."



"Nakuuliza wewe. Hivyo ulivyo, bila sauti, au na sauti. Utanikubali?"

Mwalimu kakunja mikono juu ya gauni la kimalkia, kasema, "Hata mimi nasubiri jibu."

Fundi Friji, bado amenyoosha mikono afungwe: "Nimpelekee ujumbe?"

Mwongozaji kavuta pazia mwenyewe, kwa mikono miwili, huku analia, karibu aanguke nalo.

Hiyo ni robo saa iliyopita. Mapumziko yametangazwa na hakuna aliyeinuka. Hata msalani hawaendi. Nikichungulia naona mwanga wa simu safu kwa safu, wameshika, wanazitazama kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Daktari yuko upande ule mwingine wa jukwaa, ameketi juu ya sanduku, kiatu kimoja kimelegea kamba, haangalii huku.

Shangazi kafuta miwani kwanza.  Kisha kafungua lile dirisha la kuandika chochote, akaanza.

Nimeinama nikamwambia, "Shangazi, ngoja. Ukichagua Mfalme itakwenda kwa wafalme wote wale, na mama mkwe wa Fundi akiwemo. Nipe dakika mbili nimtenganishe, iende kwake peke yake."

Katikisa kichwa.

Nikadhani hajanielewa. "Wataisikia watu wote hawa."

Kanitazama juu ya miwani, vile alivyokuwa akinitazama maktaba nikiwa mdogo nikirudisha kitabu chenye ukurasa uliokunjwa. Kisha, kwa kidole chake mwenyewe, kachagua Wote. Kibao kinasema arobaini na moja.

Kengele imelia. Mwongozaji yuko nyuma yangu anauliza, kwa kunong'ona, afungue pazia au asifungue. Betri imebaki kidogo na waya wa chaji haufiki hapa. Nimemwambia Shangazi betri. Kaninyooshea kidole: ngoja.

Naona kwenye skrini. Mstari wa kwanza unasema: "Sharti la kwanza: mistari utaikariri." Na bado hajatuma.

Ameanza la tatu.